Upande wa Ndani

Sheria ilikuja na boksi, boksi likaja na mgeni:
kadi tatu, zifanane kabisa au zitofautiane kabisa,
mbili kwa moja haikubaliki.
Anayeona kwanza apige kelele: Tatu!
Candiru alipiga kelele
kabla sijamaliza kuzipanga mezani,
na jioni nzima ikawa yake.

Onzima hakuona kwanza, wala hakuona mwisho.
Onzima haoni.
Alikaa kando ya cherehani yangu, kidole kwenye gurudumu,
akisikia tatu, tatu, tatu,
kama mtu anayesikia harufu ya nyama ya jirani.
Na Drateru, ambaye akili yake hutembea polepole
na ikifika hukaa,
alikusanya nyekundu tatu mapajani
akakataa kuzirudisha.

Mimi ni fundi, hapa Arua, nyuma ya soko.
Nguo isipomkaa mtu
hatumkati mtu.
Nikachukua mkasi.

Kwanza maharagwe: moja, mawili, matatu
juu ya vipande vya boksi la sabuni,
gundi yenyewe uji wa muhogo.
Asubuhi panya walikuwa wamekwisha kucheza, wakashinda.

Kisha mchanga wa mto Enyau.
Ulipukutika, ukaingia kwenye mafuta ya cherehani,
ukanila siku mbili na gauni la harusi la binti wa watu.

Mwishowe mabaki: kitenge kutoka ng'ambo ya mpaka,
jinzi kuukuu, blanketi.
Duara, mraba, pembetatu,
nikavishona, sikuvibandika,
usiku ambao umeme ulikatika
na mimi sikusubiri urudi.

Mama mkwe wangu mikono inamtetema,
kadi zikimponyoka anajifanya kazichoka.
Nikachonga mfereji kwenye mche wa sabuni,
zikasimama mbele yake kama wanafunzi mstarini.
Drateru nikampangia sita, si kumi na mbili.
Kelele nikazifuta. Tukaenda kwa zamu.

“Huu si mchezo,” Candiru akasema,
“hii ni foleni ya zahanati.”
Sikuwa na jibu. Alisema kweli.

Jumamosi ya tatu, zamu ya Onzima.
Vidole vyake vilipita meza nzima, vikarudi,
vikapita tena. Maziwa yakachemka, yakamwagika,
hakuna aliyenyanyuka.
“Tatu,” akasema.
“Si tatu! Duara, duara, mraba!”
“Hizi tatu zimevaa ndani nje.”

Candiru akazipeleka dirishani.
Akageuza moja, akailinganisha na nyingine,
akaisugua shavuni, akanyamaza.
Miaka tisa nimemlea mtoto huyu,
sikuwahi kumwona akitafuta.

Ilikuwa kweli. Gizani nilishona vitatu
upande wa ndani ukiwa juu,
ule usio na mng'ao, unaokwaruza kidogo,
na mimi fundi, mwenye macho mawili na miwani,
sikujua.

Pointi hakupewa. Sheria ni sheria,
na yeye mwenyewe angekasirika tukimhurumia.
Lakini mama mkwe akagonga sabuni yake:
“Wiki ijayo na upande uhesabiwe.”
Nikarudi kwenye mkasi, nikafumua nusu ya kadi,
safari hii nikikosea kwa makusudi.

Sasa Candiru hushindwa mara mbili kati ya tano,
analia mara moja.
Na raundi ya mwisho nimemrudishia:
hakuna zamu, hakuna subira, anayeweza apige.
Hupiga mpaka mbwa wa kinyozi wajibu.
Onzima huziba masikio, anacheka.

Jana, katikati ya makelele hayo,
Drateru alisimama. Mkononi nyekundu zake,
za boksi la mgeni, zimekunjika pembe zote.
“Tatu,” akasema, taratibu.
Candiru akazichukua kuzikagua,
akahesabu maumbo, akahesabu idadi,
akanigeukia akiwa amekunja uso.

Ni tatu, alisema.
Tangu lini?